Nondo Niliyoimwagilia Maji Itigi

Mwanangu Elia,

Sisi hapa hatujambo, na wewe najua hujambo, maana nimekuona sasa hivi ukitoka getini na baiskeli ya baba yako kwenda Mwankoko kumuaga bibi. Nimekwambia urudi kabla giza halijaingia, ukacheka. Umecheka kwa sababu una umri wa kuwa na mke, na mama yako bado anakutisha na giza. Cheka tu. Nimefunga duka mapema, nimeweka karatasi juu ya meza ya kukatia vitambaa, na ninaandika upesi kabla hujarudi, kwa sababu ukiwepo siwezi kusema haya. Ukiwepo nakuuliza kama umekula.

Sitakuandikia kuhusu kula. Wala kuhusu kufua, wala watu wa stendi, wala kanisa utakalosali. Hayo nimeyasema mpaka umeota sugu masikioni. Nataka kukuandikia kuhusu waya. Ule waya uliokuta umekatwa ndani ya gitaa lako la besi, ukaniuliza ni nani aliyeukata, nami nikakujibu, "Ni mimi, na usiuguse," nikaenda zangu jikoni nikakuacha na bisibisi mkononi. Unaondoka kesho asubuhi, na sitaki uondoke ukidhani mama yako ni mkorofi tu. Ukorofi ninao, sikatai. Lakini zaidi ya hapo ninaogopa, Elia. 

Siku ile mlipolifungua tulianza kwa furaha, unakumbuka? Kiongozi wa hiyo bendi yako mpya alikuwa amekupigia kutoka Dar es Salaam, anataka kujua besi lako ni la wapi na la miaka gani. Ukalilaza juu ya meza hii hii, ukasukuma pembeni sare za shule nilizokuwa nakata, bila hata kuomba. Baba yako akavuta kiti cha wateja akae karibu, asipitwe na sifa zake.

"Hilo ni la Marekani," alisema kabla hujagusa skrubu ya kwanza.

"Baba, jina la kichwani limekwanguliwa. Tutajuaje?"

"Bendi ya Tabora iliyoiuzia kwaya ilisema la Marekani. Na sauti yenyewe je? Huisikii?"

Hukubishana naye. Ulifungua shingo taratibu, skrubu ukazipanga kwenye kifuniko cha kopo langu la vifungo. Ndani mlikuta vumbi jekundu, kiota cha nyigu kilichokauka, na namba zilizogongwa kwa muhuri wa wino uliofifia. Ukanionyesha kwa tochi ya simu kwamba mbao zake ni tabaka zilizogundishwa, si ubao mmoja. Ukanionyesha zile sumaku mbili za kunasa sauti chini ya nyuzi, ukasema ya mbele ni ya asili lakini ya nyuma imetolewa kwenye gitaa jingine, maana tundu lake limechongwa kwa patasi na mtu mwenye haraka.

"Mtu huyo ni mimi," baba yako akasema, tena kwa fahari.

Na kile kipande cheupe cha juu kinachopitisha nyuzi, ukauliza ni nini. Ni mfupa wa ng'ombe. Aliusugua mwenyewe kwa msasa wakati tunachumbiana, akawa anakuja kwetu na mfupa mfukoni, kila akikaa anausugua. Mama yangu alidhani nachumbiwa na mganga. Na sufuria yangu ya kwanza ya ndoa, ile uliyoikuta imekwaruzika chini, aliichemshia nyuzi za besi ili zirudishe mlio, kwa sababu nyuzi mpya hazikuwa zinapatikana Singida. Uji wa asubuhi yake ulikuwa na ladha ya chuma. Nakuambia haya ili ujue kwamba mimi sikulichukia besi hilo tangu mwanzo. Nililipenda, kwa kuwa lilikuja nyumbani pamoja na yeye.

Ukatuma picha. Jibu la sauti likaja, tukalisikiliza wote watatu: "Kaka, hiyo siyo ya Marekani. Hiyo ya Kijapani, zile za kuiga za miaka ya sabini. Ila ni chuma kweli kweli, usije ukaiuza."

Baba yako alilitazama besi lake. Kisha akasema, "Basi kesho mtanifungua na mimi, mseme si Mnyaturu." Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akacheka bila kujua kinachochekwa. Ningependa siku ile ingeishia hapo. Lakini ile sauti iliendelea. Ilisema kuna jambo moja, besi linanguruma, amelisikia kwenye rekodi uliyomtumia, na yeye hawezi kupanda jukwaani na mngurumo ule. Usipouondoa atatafuta mtu mwingine. Ndipo ukafungua kile kibati cha chuma chenye vitufe vya kurekebishia sauti, ukaona waya umekatwa na ncha yake imefungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani.

Sasa nisikilize.

Ulikuwa mgongoni kwangu, hujaanza hata kusimama dede. Kwaya yetu ilialikwa kuimba kwenye mkutano wa injili Itigi, makanisa yote ya pale pamoja, kwenye uwanja ulio karibu na reli. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Vile vichaka vya kule vilikuwa vimebaki vijiti, na ardhi ukiipiga jembe inakurudishia jembe lako. Baba yako ndiye alikuwa mpiga besi wetu, na wakati ule alikuwa pia na sauti nzuri ya chini. Mitambo tulikodi kwa Fundi Hamisi, huyu huyu wa redio hapa Utemini, akaja nayo mwenyewe pamoja na jenereta. Hamisi ni Mwislamu, hakukaa na sisi mbele ya jukwaa. Alikaa kando na jenereta lake, na sikio lake lilikuwa kwenye mashine wakati masikio yetu yako kwa mhubiri.

Wewe umezoea soketi za ukutani. Kule tulikuwa tunapigilia nondo ardhini na kuifunga waya wa ethi, ili umeme ukivuja kwenye amplifaya ushuke chini badala ya kumpitia mtu. Na kwa udongo wetu huu mkavu, nondo isiyomwagiliwa ni pambo. Inatakiwa maji, tena yenye chumvi kidogo, tena mara kwa mara, kwa sababu jua linayakausha papo hapo. Kazi ya kumwagilia ilikuwa yangu. Wenzangu wanaimba, mimi nina mtoto mgongoni, nikapewa dumu.

Niliifanya kazi ile vizuri, mwanangu. Maji yalitoka mbali, na wanawake wa pale waliniangalia vibaya nikiyamwaga chini huku watoto wao wana kiu. Sikumpa mtu hata kikombe. Asubuhi namwaga, mchana namwaga, kwaya ikitaka kupanda namwaga tena. Udongo ulikuwa umelowa mpaka umekuwa mweusi, nami nikiuona moyo unatulia.

Haikuwa nondo ya ethi. Ilikuwa nondo iliyoshikilia turubai.

Mwanzoni zilikuwa mbili, zimesimama jirani. Kisha mhubiri akalalamika kwamba jenereta linamfunika sauti, wakalihamishia nyuma ya uzio, wakaing'oa na nondo ya ethi wakaenda kuipigilia huko. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna anayemkumbuka mtu wa maji. Na kamba ya turubai ilikuwa imekatika, vijana wakaiunga kwa kipande cha waya. Mimi nikaona nondo, nikaona waya. Nikaendelea kumwagilia.

Hadithi ya turubai unaijua. Umekua ukiisikia ikichekwa sebuleni kwetu. Baba yako huwaambia wageni, "Mama Elia alilimwagilia turubai, akitegemea litachipua," nao wanacheka, na wewe ulikuwa unacheka zaidi ya wote. Mimi hucheka kwa mdomo. Lakini kuna kipande kimoja ambacho yeye hukitaja kwa utani na mimi sijawahi kukitaja kabisa.

Alasiri ya mwisho baba yako alisogea kwenye maikrofoni aingie kwenye kiitikio, mkono wa kushoto umeshika nyuzi. Nilimwona anatetemeka. Kichwa kikarudi nyuma, macho yakafumba, mwili wote ukawa unarukaruka. Watu wakapaza sauti, "Haleluya!" Siku zile za mkutano wengi walikuwa wameanguka pale mbele wakiombewa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Na mimi mke wake, niliyekuwa nikimwombea kila siku kwa sababu alikuwa mgumu wa maombi, nikajua Roho amemshukia hatimaye. Nikapiga kigelegele.

Nilipiga kigelegele, Elia. Wewe uko mgongoni, mume wangu anaungua mbele ya macho yangu, nami nashangilia.

Aliyejua ni Hamisi peke yake, kwa kuwa hakuwa anaangalia watu. Alisikia jenereta limebadilisha mlio, akalizima. Baba yako akaanguka kutoka jukwaani, na watu bado wanasifu. Hamisi akaja mbio akipiga kelele, "Ni umeme! Jamani, huyo kapigwa na umeme!" Hapo ndipo kigelegele kilipokata mdomoni mwangu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua, vikapona vikiwa vimejikunja, na ndivyo unavyovijua wewe. Hospitalini, alipoweza kuzungumza, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Nilisikia nikipigiwa vigelegele kama bwana harusi." Alikuwa ananitania ili nisilie. Nililia hivyo hivyo.

Kinachonitisha mpaka leo si kwamba nilikuwa mzembe. Ningekuwa mzembe ningejua la kufanya, ningeacha uzembe yakaisha. Mimi nilikuwa mwangalifu kuliko watu wote waliokuwa uwanjani pale, na uangalifu wangu wote uliishia kwenye kamba ya turubai. Na hatari ilipokuja nikiiona kwa macho, niliishangilia. Mtu aliyefanya hayo atajiamini vipi tena kumlinda mtoto?

Basi ndivyo nilivyokulea, kwa hofu hiyo, nadhani uliiona. Nilikukataza ziwa Kindai kabisa, nikamkataza na baba yako kukupeleka, nikidhani maji ndiyo yatakayoninyang'anya wewe. Ukavunjika mkono nyumbani, kwenye ngazi ya kupakia chokaa, mimi mwenyewe nikiwa nimekushikia ngazi. Nilikukataza pikipiki. Ukaumwa ile homa iliyotaka kukuchukua, ukiwa umelala ndani ya neti niliyoishona kwa mikono yangu. Kila nilipozuia mlango huu, jambo likaingia kwa mwingine, na bado sikujifunza kuacha kuzuia. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mapenzi yale.

Waya niliukata tuliporudi kutoka hospitalini. Kwaya ilimwachia baba yako lile besi, hakuna mwingine aliyetaka kuligusa. Nikalibeba mpaka kwa Hamisi, nikamuuliza umeme ulifikaje kwenye nyuzi. Akalifungua, akanionyesha waya unaotoka kwenye lile daraja la chuma linaloshika nyuzi na kuingia ndani. "Huu ndio unaoziunganisha nyuzi na amplifaya," akasema. "Unasaidia kunyamazisha mngurumo mtu akizishika." Nilisikia nusu ya kwanza tu ya maneno yake. Nikaenda nyumbani, nikachukua mkasi wa kukatia nyuzi za cherehani, nikaukata. Ncha nikaifunga kwa uzi mwekundu, ili siku mtu akija kuuunga nijue.

Ukakua na besi linalonguruma. Ulipoanza kulipiga kwenye kwaya ya vijana, bado uko sekondari, mwalimu wa kwaya alisema lina pepo na litafutiwe maombi. Mimi hapa kwenye cherehani nilikuwa nausikia mngurumo ule ukitoka chumbani kwako kutwa nzima, nikawa naupenda. Maadamu unanguruma, waya bado umekatika, na mwanangu yuko salama. Ulipokuwa ukinyamaza ghafla ndipo nilipoinuka kwenye kiti nije nichungulie mlangoni. Ulidhani nakuja kukuuliza kama umekula. Nilikuwa nakuja kuangalia kama unapumua.

Halafu siku mbili baada ya ugomvi wetu wa ule waya ukaja hapa dukani na besi mkononi. Hukuja na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Baba amenieleza kwa nini uliukata."

"Haya."

"Naomba nikuonyeshe kitu, usikasirike."

Ukawasha amplifaya, ikaanza kunguruma kama kawaida yake. Ukaweka kidole chako kidogo juu ya kile kibati cha chuma chenye vitufe. Ikanyamaza. Ukatoa kidole, ikanguruma. Ukarudisha, ikanyamaza.

"Nyumbani sijali kelele," ulisema, "lakini kanisani na kwenye harusi ndivyo ninavyopiga siku zote, kidole kiko hapa. Hiki kibati nacho kimeungwa na amplifaya, Mama. Ni sawasawa na kushika ule waya."

"Siku zote?"

"Tangu nilipoanza."

Nikakanyaga cherehani. Ulipoondoka nikakuta nimeshona mkono wa gauni la mteja ndani nje, tena pande zote mbili. Nikakaa na lile gauni mapajani. Zile harusi za uwanjani msimu wa mvua, jenereta za kukodi, nyaya zinapita kwenye matope, na wewe umeshika kibati, huku mama yako yuko nyumbani ametulia kwa kuwa waya umekatika. Nilikuwa nimemwagilia nondo ya turubai mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimeimwagilia utoto wako wote. Ulipona kwa neema tu, mimi simo.

Kwa hiyo jana, ulipodhani nimekwenda kununua zipu, nililipeleka besi kwa Hamisi. Amezeeka, miwani yake ameifunga kamba ya kiatu, lakini alinikumbuka na alilikumbuka. Nikamwambia, "Fundi, kijana anakwenda Dar es Salaam kupiga muziki. Nataka linyamaze, na nataka lisimuue."

Akacheka kidogo. "Mama Elia, unataka yote mawili."

"Nataka yote mawili."

Alitafuta kwenye makopo yake mpaka akapata rizista na kapasita ndogo, akasema zikiwekwa katikati ya waya ule, nyuzi zitanyamaza mtu akizishika, lakini umeme mkali ukija hautapita wote, utabanwa. Kile kibati cha chuma akakitoa. Mahali pake amekata kipande cha plastiki kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, la njano, na vitufe vyenyewe ameviwekea vichwa vya plastiki. Baba yako alipoliona alisema, "Jina limekwanguliwa, baba Mjapani, tumbo la mafuta ya kula. Huko Dar wakimuuliza ni besi gani atajibu nini?"

Nilimuuliza Hamisi kama sasa limepona kabisa. Akafuta miwani. "Inapunguza makali, Mama Elia. Haimalizi. Cha kumaliza hakipo ndani ya besi, kipo kule ambako amplifaya imechomekwa." Kisha akanipa pasi ya kulehemu, imeshapata moto. "Uliukata mwenyewe. Uunge mwenyewe."

Nimeuunga mwenyewe. Ukilifungua siku moja utaona risasi ya kulehemu imevimba na imepinda, fundi wa kweli asingelehemu hivyo. Usiirekebishe kama inafanya kazi. Ule uzi mwekundu nimeuacha pale pale, haukazi chochote tena.

Jioni ya jana, wewe ukiwa umekwenda kuaga rafiki zako, nililiwasha hapa dukani. Lilinguruma. Nilitakiwa nishike nyuzi nione kama linanyamaza, nikashindwa. Nimesimama nimenyoosha mkono, mkono haushuki. Baba yako akatokea mlangoni, akaniona, akaelewa. Wewe hujui jambo hili, labda hujawahi kuligundua: tangu Itigi baba yako amelibeba besi hilo, amelifuta vumbi, amekufundisha kwa mdomo wapi uweke vidole, lakini nyuzi zenyewe hajawahi kuzigusa. Hata mara moja. Hutumia kijiti kukuonyesha. Alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akalipakata, akaweka vile vidole vyake viwili vilivyojikunja juu ya nyuzi.

Nilimwangalia macho, kichwa, mabega. Niliangalia kama anatetemeka. Safari hii sikutaka kudanganyika.

Likanyamaza. Naye hakuondoa mkono. Akasema polepole, "Hata kama ni la Kijapani." Nikatoka nje nikaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Elia, sijui nikuambie nini kuhusu maisha huko. Wazazi wengine wanajua. Mimi ninalo moja tu, na nimelinunua kwa vidole vya baba yako. Usiuamini waya kwa sababu unauona umefungwa mahali. Ushike kwenye amplifaya, uufuate kwa mkono wako, upite nao chini ya meza, nyuma ya uzio, popote unapokwenda, mpaka uone unapoishia. Watakuharakisha. Watasema huyu mshamba wa Singida anatafuta nini kule nyuma na watu wameshakaa. Wacha waseme, wewe fuata. Na ukimwona mwenzako jukwaani anatetemeka na watu wanashangilia, usishangilie nao. Kimbia ukazime.

Nimekuwekea testa ya kupimia umeme kwenye mfuko mdogo wa mbele wa begi la besi. Begi nimelishona kwa turubai, ndiyo, turubai, baba yako ameshacheka vya kutosha kwa hiyo wewe usianze. Ndani nimeweka blanketi, mishono nimepitisha mara mbili. Barua hii nitaiweka nyuma ya blanketi, utaikuta utakapolitoa besi.

Na bado ninaogopa. Nadhani hukutegemea niseme hofu imeisha, na mimi siwezi kukudanganya kwenye karatasi. Dar es Salaam siijui. Wanasema kule ardhi ina maji yake yenyewe, haihitaji mtu wa dumu. Labda nimehangaika na waya wiki nzima na kinachokungoja huko si umeme hata kidogo, ni kitu kingine ambacho sina jina lake, kimesimama nyuma ya uzio nisikoweza kufika. Inawezekana hata barua hii nzima ni maji ninayomwaga kwenye nondo ya turubai. Nimeyamwaga tu, mwanangu. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Nasikia kengele ya baiskeli getini. Kweupe bado. Umewahi, na mimi sijamaliza.

Nakuomba kitu kimoja, nacho si kula. Siku ya kwanza utakayopiga huko, nipigie simu kabla hamjaanza. Usiniambie umefika salama, maneno hayo kila mtoto humwambia mama yake. Washa amplifaya, usogeze simu karibu, uliache lingurume kidogo bila kulishika. Nitausikia mngurumo, ninaujua. Kisha weka mkono wako juu ya nyuzi. Miaka yote ukimya ule uliniinua kwenye cherehani kwa hofu. Safari hii nitabaki kitini, kwa sababu nitajua limenyamaza kwa kuwa mkono wako upo pale.

Mama yako